Mayai

Tulitoka Nachingwea saa kumi za usiku,
Somoe mapajani, mto wa sufi chini yake,
mwingine ubavuni, na kila tuta la barabara
Asumini akilipokea kwa meno.
Dereva akageuka: "Mmebeba mayai?"
Nikasema ndiyo.
Sikuwa na jibu fupi zaidi.

Lindi, ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki,
feni mbili, moja inazunguka, moja inasikiliza.
Ukutani kitambaa cha rangi ya mafuta:
MKUTANO WA FAMILIA ZA MIFUPA MYEPESI.
Chini yake mtu kaongeza kwa kalamu:
usimwinue mtoto usiyemzaa, hata kwa upendo.

Mlangoni kijana wa Newala alinitazama
nikasahau salamu.
Weupe wa jicho lake haukuwa mweupe,
ulikuwa shati la shule
lililozidishiwa buluu ya kufulia.
Miaka tisa nimeiona kwa mtoto mmoja tu.
Kumbe ina magongo. Kumbe inavuta sigara,
inauliza, "Mmefika salama, mzee?"

Hakuna aliyemkumbatia mtu.
Tuligusana ncha za vidole
kama mtu anayejaribu pasi.

Watoto wakaanza kushindana.
"Mimi paja, mara nne."
"Mimi bega, kwa chafya!"
"Mimi mbavu. Nilikuwa nacheka."
Na Somoe wangu, anayejificha nyuma ya pazia wageni wakija,
akapaza sauti: "Mimi kumi na moja,
na wa kwanza niliuvunja tumboni kwa mama!"
Wakampigia makofi, yale ya taratibu.

Kisha Sista Ponsiana akauliza
nani aliwahi kuitwa kituoni
aeleze mtoto alimpiga na nini.
Nikaisikia tena ile sauti ya mezani:
Kwa mwiko au kwa mchi?
Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauruhusu.
Nilihesabu mikono kumi na tisa, nikaacha,
maana Mzee Lichonyo alikuwa ameinua yote miwili.

Mchana daktari akachora ukoo,
duara mwanamke, mraba mwanamume,
wino kwa aliyerithi.
Nani kwenu aliziba masikio mapema?
Nani alivunjika kwa jambo dogo?
Nilikuwa na majina tayari, yote ya kina Asumini,
nimeyatunza tangu plasta ya kwanza.
Ila kalamu ilipofika kwangu
akaja Bibi Nakuwa, mama wa baba,
aliyevunjika nyonga akiinuka kwenye msala,
tuliyempigia kelele sikioni
naye akajibu swali lingine, akicheka.
Macho yake tulisema ni moshi wa kubangua korosho.
Na mimi, kiwiko mara mbili uwanjani,
nikakiita ushujaa.

Nikaenda chooni. Kioo kina ufa.
Nikavuta kope la chini.

Ipo. Kidogo, lakini ipo.

Miaka tisa nimemwambia Asumini "damu yenu".
Nimemwambia mbele ya mama yake.
Nimemwambia usiku, kwa kumgeuzia mgongo,
naye yuko macho anamgeuza mtoto.

Nikarudi, nikaupaka wino mraba wangu
mpaka karatasi ikatoboka.
Asumini alitazama.
Akanisogezea chai yangu iliyopoa.
Haikuwa na sukari.

Kesho yake, dereva yuleyule.
"Mayai yamefika salama?"
Nikafungua mdomo. Asumini akanitangulia,
neno lake la kwanza tangu jana:
"Yamefika. Kumbe hata jogoo ni yai."

Somoe akaangua kicheko,
na sisi wawili, kwa mara moja,
tukamshika mbavu.